Steringi Asiyejua Kwamba Anachekwa

Mwanamume aliyevaa suti anaingia kwenye banda kubwa la kuku jijini Cairo. Mwaka ni 1955. Nywele zake zimelazwa kwa mafuta, tai imenyooka, viatu vinang'aa. Anawasha taa, na kuku wote wanaanza kutetea kwa mpigo. Anazima, kimya. Anawasha, kelele. Anazima, kimya. Polepole tabasamu linamjaa usoni, tabasamu la mtoto aliyegundua mchezo mpya, kisha anaangua kicheko peke yake. Huyo ndiye mtu ambaye wakubwa zake mjini Paris wamemtuma kwenda kuleta amani Mashariki ya Kati.

Tukio hilo limo katika OSS 117: Le Caire, nid d'espions, filamu ya Kifaransa ya mwaka 2006. Mwongozaji ni Michel Hazanavicius, na mwenye kidole kwenye swichi ni Jean Dujardin. Ukilisimulia kwa maneno halina uzito: mtu, taa, kuku, basi. Ukilitazama, unashika mbavu. Tofauti yote imo mwilini mwa mwigizaji, katika muda anaosubiri kabla ya kubonyeza tena, katika shingo inayogeuka taratibu kana kwamba amenasa siri ya adui, na katika mabega yasiyopoteza hata kidogo heshima ya suti.

Waliokulia kwenye vibanda umiza vya mikanda ya video wanamjua vizuri steringi wa filamu za kijasusi. Hafi, hachafuki, hakosi shabaha, na mwanamke akimtazama mara mbili habari imekwisha. Wafaransa wamemchunguza steringi huyo kwa zaidi ya miaka 60, na waigizaji wao bora wamefikia hitimisho moja: hana haja ya kuvalishwa pua ya plastiki ili achekeshe. Mwache alivyo, na suti yake, na bastola yake, na kujiamini kwake, kisha mwongezee robo ya kila kitu. Sharti ni moja tu. Yeye mwenyewe asijue.

Hubert Bonisseur de La Bath, maarufu kwa namba yake OSS 117, hakuzaliwa awe kichekesho. Mwandishi Jean Bruce alimtunga mwaka 1949, miaka 4 kabla Ian Fleming hajachapisha riwaya ya kwanza ya James Bond. Vitabuni Hubert ni Mmarekani wa Louisiana mwenye damu ya Kifaransa, na OSS ilikuwa idara ya ujasusi ya Marekani wakati wa Vita Kuu ya Pili ya Dunia. Bruce alikufa kwa ajali ya gari mwaka 1963. Mjane wake Josette akashika kalamu, na baadaye watoto wao nao wakaendeleza kazi. Miaka hiyohiyo ya 1960 mwongozaji André Hunebelle alimpeleka Hubert kwenye sinema kwa filamu za kweli kweli, zenye ngumi, magari ya mbio na hoteli za kifahari, bila mzaha wowote wa makusudi.

Ila Hunebelle huyohuyo ndiye aliyefungua mlango wa mzaha, labda bila kukusudia. Mwaka 1964 alitoa Fantômas, filamu ya mhalifu mwenye sura elfu, na nyota wake alipaswa kuwa Jean Marais, mwanamume mwenye taya la sanamu aliyependa kufanya mwenyewe michezo ya hatari. Pembeni aliwekwa mwigizaji mfupi mwenye kipara, Louis de Funès, acheze Kamishna Juve, askari anayemsaka mhalifu huyo bila mafanikio. De Funès akaibeba filamu. Kabla ya sinema alikuwa mpiga piano wa baa za usiku, na mwili wake uliendelea kufanya kazi kwa mdundo: mkunjo wa uso, kofi hewani, mguu chini, mkunjo mwingine, kila kimoja kwa pigo lake. Katika sehemu ya pili, Fantômas se déchaîne ya mwaka 1965, Juve anajivunia kifaa chake kipya, mkono wa bandia unaomwezesha kuonekana amenyoosha mikono yote huku mkono wa kweli umeshika silaha chini ya koti. Kifaa chenyewe ni cha kijasusi kabisa. Kichekesho ni furaha ya kamishna, anayekionyesha kama mtoto aliyenunuliwa viatu vya sikukuu. Katika filamu hiyo mhalifu ana makao yake ndani ya mlima wa volkano, miaka 2 kabla filamu ya Bond, You Only Live Twice, haijatumia wazo la aina hiyo.

Mwaka 1964 ulikuwa wa mavuno pia kwa mwongozaji Georges Lautner. Alitoa Les Barbouzes, jina linalotokana na neno la mtaani la Kifaransa la kumwita jasusi, ambalo asili yake ni ndevu, zile za bandia. Majasusi wa mataifa tofauti wanakusanyika kwenye kasri moja kumbembeleza mjane wa tajiri wa silaha, kila mmoja akitaka hataza alizoachiwa na marehemu. Mwigizaji mkuu ni Lino Ventura, ambaye hakuwa mchekeshaji hata kidogo. Alikuwa mwanamieleka aliyewahi kutwaa ubingwa wa Ulaya mwaka 1950 kabla ya jeraha kumtoa ulingoni. Lautner hakumwomba achekeshe. Alimwacha na kifua chake cha mwanamieleka na uso wake wa mtu anayedaiwa kodi, akamzungushia wapuuzi pande zote, na kicheko kikaja chenyewe.

Lautner alikuwa pia na Paul Meurisse, mtu wa aina nyingine kabisa. Katika filamu 3 za Lautner kuhusu jasusi mwenye miwani ya jicho moja, kuanzia Le Monocle noir ya mwaka 1961, Meurisse alimcheza Kamanda Dromard kwa madaha ya mcheza dansi wa ikulu. Akifyatua bastola, mkono unanyooka, nyonga inabinuka, kidevu kinapanda, kana kwamba risasi ni suala la adabu. 

Hao ni watangulizi. Miaka ya 1970 ndiyo iliyoleta miili miwili ambayo kila mwigizaji wa Kifaransa wa mzaha wa kijasusi ameishi chini ya kivuli chake.

Mwili wa kwanza ni wa Pierre Richard katika Le Grand Blond avec une chaussure noire ya mwaka 1972. Hadithi, iliyoandikwa na Francis Veber pamoja na mwongozaji Yves Robert, ni nyepesi kama karatasi. Mkubwa wa idara ya ujasusi, Kanali Toulouse, anajua kwamba naibu wake Milan anakitaka kiti chake. Anaamua kumtegea. Anaagiza mtu yeyote tu achaguliwe uwanja wa ndege ili Milan adhani ni jasusi mkubwa. Anayechaguliwa ni François Perrin, mpiga fidla anayeshuka akiwa amevaa kiatu kimoja cheusi na kingine cha rangi tofauti, kwa sababu ya utani wa wenzake.

Kuanzia hapo Perrin anafuatwa, anapigwa picha, anasikilizwa, anapekuliwa, na watu wanauawa huku na huku kwa ajili yake. Yeye hajui lolote. Richard alisomea uigizaji katika shule ya Charles Dullin, na alivutwa kwenye kazi hii na mchekeshaji wa Kimarekani Danny Kaye. Yves Robert ndiye aliyemwambia mapema kwamba yeye si mwigizaji wa kawaida, ni mhusika mzima tayari, na akamhimiza atengeneze filamu zake mwenyewe. Maneno hayo yanaeleweka mtu akimwona akivuka chumba. Miguu yake mirefu inaenda mbele kabla kiwiliwili hakijakubali. Nywele za dhahabu zilizojikunja zinafika mwisho. Mikono inatafuta mahali pa kujiweka na haipati.

Tukio linalokumbukwa zaidi ni la mwigizaji Mireille Darc. Anamfungulia Perrin mlango akiwa na gauni jeusi la Guy Laroche lililofunika kila kitu mbele, hadi shingoni. Anageuka. Nyuma hakuna gauni, kuanzia mabegani hadi pale ambapo mgongo unakoma kuitwa mgongo. Mwigizaji mwingine angepiga kelele au angeanguka. Richard anasimama. Macho yake yanashuka, yanapanda, yanatafuta msaada ukutani. Baadaye nywele za mwanamke huyo zinanasa kwenye zipu ya suruali yake, na mtego wa kijasusi uliopangwa kwa umakini unageuka shughuli ya watu wawili wanaojaribu kunasuana bila kuaibishana. Filamu ilipata Dubu wa Fedha katika tamasha la Berlin mwaka 1973, na mwaka 1985 Hollywood iliitengeneza upya ikiwa na Tom Hanks. Gauni lenyewe leo ni mali ya makumbusho.

Mwili wa pili ni wa Jean-Paul Belmondo, na tatizo lake ni kinyume cha la Richard: unaweza kila kitu. Katika Le Magnifique ya mwaka 1973, iliyoongozwa na Philippe de Broca, Belmondo anacheza watu wawili. Wa kwanza ni Bob Saint-Clar, jasusi mwenye meno meupe na kifua wazi, anayewaangusha maadui kwa makumi kwenye fukwe za Mexico. Kisha, katikati ya mapigano, mwanamke wa usafi anapita ufukweni na mashine yake ya kufyonza vumbi. Hapo mtazamaji anafahamu. Ufukwe huo umo kichwani mwa François Merlin, mwandishi wa riwaya za bei poa, anayegonga taipureta kwenye nyumba chakavu mjini Paris huku msafishaji akifanya kazi yake.

Belmondo alipigana ndondi ujanani na alijulikana kwa kufanya mwenyewe michezo ya hatari, hata ile ya kuning'inia kwenye helikopta. Kwa hiyo Saint-Clar hakumpa shida. Kazi kubwa iko kwa Merlin. Mwili uleule, wenye misuli ileile, unajikunja ndani ya sweta kuukuu, unakohoa, unapanda ngazi kwa taabu, unamwomba mchapishaji malipo ya awali na kunyimwa. Mchapishaji huyo basi anakuwa adui mkuu vitabuni. Fundi bomba aliyemsumbua naye anaonja risasi. Na jirani yake, mwanafunzi anayechezwa na Jacqueline Bisset, anapoanza kumhusudu Saint-Clar, Merlin anaona wivu na kuamua kumdhalilisha shujaa wake. Ghafla steringi anateleza, anakosa, anaaibika. Belmondo anajicheka mwenyewe, mmoja wa nyota wakubwa wa Ufaransa wa wakati ule, na anafanya hivyo kwa vipaji vilevile vilivyompa ukubwa huo.

Mwaka 2006 Hazanavicius alikuwa na urithi wote huo mezani. Alichagua njia ngumu. Mzaha wa kijasusi wa Waingereza na Wamarekani, kama ule wa Austin Powers, hupenda kumkonyeza mtazamaji. Hazanavicius alikataza kukonyeza. Filamu yake ina rangi, taa na muziki wa miaka ya 1950. Magari hayaendi popote, barabara inapita nyuma yao kwenye pazia la picha kama zamani. Mpiga picha Guillaume Schiffman alipanga mwanga kama wa filamu za Hitchcock, na mapambo ya jukwaa yalipata tuzo ya César. Ukiondoa sauti na kutazama kwa mbali, ungeapa ni filamu ya kweli ya enzi hizo. Ndani ya fremu hiyo safi amewekwa mtu mmoja tu aliyezidi.

Dujardin hakutoka kwenye shule maarufu za maigizo. Alianzia kwenye kikundi cha vichekesho, akapata jina kwa vipindi vifupi vya televisheni, Un gars, une fille, kuanzia mwaka 1999, alivyocheza na Alexandra Lamy. Vipindi vile vya dakika chache vilimfundisha kupima muda: hakuna nafasi ya kupoteza, uso lazima useme. Kwa Hubert aliuchukua mwendo wa Sean Connery wa filamu za mwanzo za Bond, yale mabega ya chui na ule mkono mfukoni, akauongezea vitu viwili. Cha kwanza ni nyusi, zinazopanda moja moja kama lifti. Cha pili ni tabasamu linalokaa sekunde mbili kupita haki yake. Sekunde ya kwanza Hubert ni mwanamume mtanashati. Ya pili, ni mtu asiyejua afanye nini baada ya kutabasamu.

Waswahili wana neno zuri la jambo hili, kukausha. Mtu ameulizwa swali gumu, anakausha. Hubert anakausha filamu nzima, lakini yeye hajui kwamba anakausha, anadhani anatafakari. Akisimama mbele ya Mfereji wa Suez, anausifu kama kazi ya mafarao wa maelfu ya miaka iliyopita, hali mfereji huo ulifunguliwa mwaka 1869. Anamgawia Mmisri picha ya Rais wa Ufaransa, René Coty, kama bahashishi, kwa ukarimu wa mtu anayetoa dhahabu. Alfajiri adhana inapomkatiza usingizi, anapanda mnarani na kumnyamazisha muadhini, kisha anarudi kulala kwa amani ya mtu aliyezima redio ya jirani. Msomaji Mwislamu anaweza kukunja uso hapo, na filamu imelijua hilo: kitendo chake kinawasha hasira ya mji mzima, na kila mtu aliye karibu naye anamwona jinsi alivyo. Mwandishi Jean-François Halin, aliyewahi kuandikia vikaragosi vya kejeli za kisiasa vya televisheni ya Ufaransa, hakuwa anawacheka Wamisri. Alikuwa anaicheka Ufaransa ya mwaka 1955, iliyojiona bado inaendesha dunia.

Ndiyo maana mwigizaji wa pili kwa umuhimu katika filamu hii ni yule asiyefanya kichekesho hata kimoja. Bérénice Bejo, anayecheza Larmina, katibu wa Hubert jijini Cairo, amepewa kazi ya kutazama. Hubert anatoa utabiri wake kwamba Uislamu hautadumu. Kamera inamgeukia Larmina. Larmina anameza mate, jicho linahama kidogo. Bila jicho lile mzaha ungekuwa matusi. Kwa jicho lile, mtazamaji anapata mtu wa kusimama upande wake.

Na kuna wakati ambapo mwili wa Hubert unamzidi akili. Akiwa amejificha miongoni mwa wanamuziki, analazimika kupanda jukwaani na udi mkononi, na anaimba kwa Kiarabu wimbo Bambino, uliompa umaarufu Dalida, mzaliwa wa Cairo. Kiuno kinajua, vidole vinajua, sauti inajua. Mtu ambaye dakika tano zilizopita hakuelewa chochote kuhusu nchi hii anaushika ukumbi wote. Kisha muziki unakwisha, na ujinga unarudi mahali pake.

Filamu ilivuta zaidi ya watazamaji milioni 2 kwenye kumbi za Ufaransa na ikashinda tuzo kuu ya tamasha la Tokyo. Mwaka 2009 ikafuata OSS 117: Rio ne répond plus, iliyowekwa mwaka 1967, Hubert akiwasaka Wanazi nchini Brazil pamoja na majasusi wa Israel. Safari hii mwili umepewa doa. Hubert aliwahi kuwa mwanasarakasi wa bembea, mwenzake akaanguka, na tangu hapo kimo kinamtia kizunguzungu. Hazanavicius anamtembeza na ugonjwa huo hadi juu ya sanamu ya Kristo Mkombozi, akimwamkia Hitchcock kwa heshima na utundu.

Miaka 2 baadaye, mwongozaji yuleyule, Dujardin yuleyule na Bejo yuleyule walitoa The Artist, filamu isiyo na sauti, ya rangi nyeusi na nyeupe, kuhusu nyota wa sinema bubu. Ilipata tuzo 5 za Oscar mwaka 2012, na Dujardin akawa Mfaransa wa kwanza kutwaa ile ya mwigizaji bora wa kiume. Wengi walishangaa. Aliyeliona banda la kuku hakuwa na sababu ya kushangaa, maana nyusi zile, tabasamu lile na subira ile vilikuwa vimeshafanya kazi bila maneno kwa miaka mitano.

Sehemu ya tatu ilikuja karibu na kwetu. OSS 117: Alerte rouge en Afrique noire, iliyofunga tamasha la Cannes Julai 2021, ilipigwa picha kwa sehemu nchini Kenya. Mwongozaji alibadilika, akaja Nicolas Bedos. Hadithi iko mwaka 1981. Hubert anatumwa kumsaidia rais wa nchi ya Kiafrika anayesumbuliwa na waasi, na anaonywa mapema achunge ulimi wake. Pembeni amewekewa jasusi kijana, Pierre Niney, aliyewahi kuwa katika kundi la Comédie-Française, mwepesi, msomi, anayejua kila kitu. Wazo ni zuri: mwili uliozeeka dhidi ya mwili mpya. Mhusika Zéphyrine, mke wa rais, anachezwa na Fatou N'Diaye kwa utulivu unaokumbusha ule wa Larmina.

Hata hivyo filamu hii ni dhaifu kuliko zile mbili, na sababu yake inaonekana ukiitazama kwa masikio yaliyozibwa. Inategemea sana maneno. Hubert anaongea ubaguzi wake, wenzake wanamjibu, mtazamaji anasubiri sentensi inayofuata. Zile nyakati ndefu za kimya, ambamo mwili ulipewa nafasi ya kujiumbua wenyewe, zimepungua. Kwa mtazamaji wa Afrika hasara ni mara mbili, kwa kuwa Waafrika wenyewe mara nyingi wamebaki mandhari ya mzaha, ilhali Larmina wa Cairo alipewa macho ya kumhukumu mgeni wake tangu dakika ya kwanza.

Anayetaka kuzijua filamu hizi aanze na Le Grand Blond, aende Le Magnifique, kisha amalizie na ile ya Cairo, na asihofu kama Kifaransa chake ni cha kuombea maji. Akifika kwenye banda la kuku, asiwatazame kuku. Atazame kidole kilichotulia juu ya swichi, kinavyosubiri.